Ushirika na Sheria Zake (3): Mtoto Aliyebebwa Mno

Makala mbili zilizotangulia zilieleza ujasiriamali wa kijamii ni nini, na kwa nini chama cha ushirika ndicho mfano wake mkongwe hapa nchini. Tangu Benki ya Ushirika izinduliwe Dodoma mwezi Aprili 2025, watu wanaulizana kama safari hii ushirika utasimama. Wengi wanatafuta jibu kwenye mtaji. Mimi nalitafuta kwenye mazingira ya kitaasisi, yaani sheria, desturi na madaraka yanayoamua nani aanzishe jambo la manufaa ya wengi, na nani awe na uwezo wa kumng'oa msimamizi wake akiliharibu. Somo hilo limeandikwa wazi kwenye miteremko ya Kilimanjaro.

Mwaka 1925 wakulima wa Kichagga waliunda Kilimanjaro Native Planters Association, rais wake akiwa Joseph Merinyo. Sheria ya ushirika haikuwapo. Ya kwanza ilitungwa 1932. Kilichowakusanya ni shida. Walowezi walitaka Mwafrika azuiwe kulima kahawa ya arabika, na mibuni ilihitaji dawa na mabomba ya kunyunyizia ambayo mwenye kihamba kimoja, yaani shamba la familia, asingeyamudu peke yake. Uuzaji wa pamoja nao una mtihani wake. Mkulima analeta gunia la kahawa ya maganda, linapandishwa mizanini, karani anaandika kilo, naye anarudi nyumbani na malipo ya awali tu. Malipo ya pili atayangoja hadi kahawa iuzwe. Katika kungoja huko ndiko ushirika unakoishi au kufa, kwa kuwa mkulima hana dhamana nyingine zaidi ya imani kwamba waliopokea mali yake ni watu wake, na kwamba wakimwibia atawaondoa.

Wakoloni walikiona chama hicho kuwa kichwa kigumu. Merinyo akaondolewa, na mwaka 1933 Kilimanjaro Native Co-operative Union (KNCU) ikasajiliwa mahali pake, chini ya meneja Mzungu, A. L. B. Bennett. Haki isemwe: sheria mpya ilileta ukaguzi wa hesabu, na KNCU ikaja kuwa fahari ya Moshi. Lakini sheria hiyo iliandamana na kanuni ya kumlazimisha kila mkulima auze kahawa yake kupitia chama. Bei ilipoporomoka, mwaka 1937 ghasia zikazuka mlimani. Watu wale wale waliounda ushirika kwa hiari waliupinga ulipogeuzwa amri. Mti ni ule ule, udongo ndio uliobadilishwa.

Baada ya Uhuru kosa lilirudi likiwa na nia njema. Vyama vilisajiliwa kwa pupa, vingine bila wanachama wanaojua haki zao, na tume ya uchunguzi ya mwaka 1966 ikataja bayana uhaba wa watendaji wenye ujuzi, wanachama wasioelimishwa na wanasiasa kuingilia kazi za vyama. Dawa ilikuwa kumwelimisha mwanachama. Badala yake, mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa na mazao yakakabidhiwa mamlaka za serikali. Sheria ya 1982 ilivirudisha, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kukiri kwamba kuvivunja lilikuwa kosa. Jengo hurudishwa kwa sheria. Imani iliyojengwa kwa miaka hamsini hairudi kwa kutangazwa kwenye gazeti la serikali.

Wapo watakaosema kilichoua ushirika ni wizi wa viongozi, tusisingizie sheria. Wizi ulikuwapo, tena wa kutia aibu. Lakini mwizi hustawi pale mwenye mali asipoweza kumfukuza wala kuhama na mali yake. Mwanachama aliyelazimishwa kuingia, na ambaye meneja wake anawajibika kwa ofisi ya juu, hana sababu ya kukesha akilinda ghala. Wengine watasema mkulima mdogo bila ulinzi wa serikali ataliwa na walanguzi. Kweli, na ndiyo maana sikatai mkono wa serikali. Nakataa mkono unaombeba mtoto mpaka akasahau kutembea. Serikali ikague hesabu, imshtaki mwizi na imfundishe mwanachama kusoma mizania. Bei, meneja na bakaa viamuliwe na mkutano mkuu.

Hiyo ndiyo mizani ya kupimia ya leo. Sheria ya 2013 imeipa Tume ya Maendeleo ya Ushirika kazi ya kusimamia, stakabadhi ghalani zimesambaa, na sasa benki ipo. Vyote ni vyombo vyema. Lakini chombo chochote kinachomfanya mkulima kuwa mpokeaji wa maelekezo kitarudia yale ya 1937 na 1976. Basi wewe mwanachama, taarifa ya mkaguzi isomwe mkutanoni ukiwapo, kwa lugha unayoielewa, na usinyooshe mkono kuipitisha kabla hujaona malipo yako ya pili yameandikwa wapi.