Kuchimba Mto Pale Unapofurika Hakushushi Maji

Katika mto au mfereji wenye mteremko mdogo, kina cha maji huamuliwa na kilicho upande wa chini, kule maji yanakoelekea. Daraja jembamba, kalavati lililozibwa na takataka, banio la umwagiliaji au bahari iliyojaa huweza kuinua maji kwa kilomita kadhaa kuelekea juu, na athari hiyo hupungua taratibu kadiri umbali unavyoongezeka. Huo ni mtiririko unaobadilika taratibu, na hesabu yake ni ya zamani: mhandisi Mfaransa Jean-Baptiste Bélanger aliichapisha mwaka 1828. Hata hivyo, Mto Msimbazi unapofunika Barabara ya Morogoro pale Jangwani, Dar es Salaam, swali huwa lilelile: kwa nini mto usichimbwe hapo hapo unapofurika? Swali hilo limeelekezwa pasipo pake. La kuuliza ni nini kinachoyashikilia maji huko chini.

Sababu iko katika mawimbi. Badiliko lolote la kina husafiri majini kama wimbi dogo, na kasi ya wimbi hilo ni kipeuo cha pili cha kina kilichozidishwa kwa 9.81. Maji yakienda polepole kuliko wimbi, athari ya kizuizi hupanda mto. Yakienda kwa kasi zaidi, haiwezi kupanda, na kina huamuliwa kutoka juu. Uwiano wa kasi hizo mbili huitwa namba ya Froude, na katika mito ya tambarare kwa kawaida huwa chini ya moja, hata wakati wa mafuriko.

Uchukuliwe mfereji wa udongo wenye kingo zilizosimama wima, upana wa mita 10, unaoshuka mita 1 kwa kila mita 2,000, mgawo wa Manning (kipimo cha ukwaruzo wa mfereji) ukiwa 0.025, na unaopitisha mita za ujazo 20 kwa sekunde. Usipokuwa na kizuizi, kina hutulia kwenye mita 1.84 kwa kanuni ya Manning. Maji huenda mita 1.09 kwa sekunde, wimbi mita 4.25. Sasa kalavati jembamba liinue maji hadi mita 3 mlangoni pake. Kanuni ya Bélanger husema kwamba badiliko la kina kwa kila mita ya urefu ni mteremko wa sakafu ukitolewa mteremko wa msuguano, kisha kugawanywa kwa moja iliyotolewa mraba wa namba ya Froude. Ikifuatwa hatua kwa hatua kutoka kwenye kalavati, kina ni mita 2.65 karibu kilomita 1 juu yake, mita 2.2 kwenye kilomita 2.6, na mita 1.9 kwenye kilomita 5. Anayedhani kwamba maji hulala sawasawa nyuma ya kizuizi kama ziwa angekomea kilomita 2.3, na kuwaambia wakazi wa mbele ya hapo kwamba kalavati haliwahusu. Linawahusu.

Tuseme mtaa unaofurika uko kilomita 1 juu ya kalavati, na katapila linaletwa hapo kuchimba mita 1 ya sakafu kwa urefu wa mita 300. Udongo unaotolewa ni mita za ujazo 3,000, shehena za malori mengi. Kabla ya kuchimba, maji yalikuwa yanapoteza sentimita 5 hivi kwa msuguano katika urefu huo. Baada ya kuchimba, yanapoteza sentimita 2. Faida ni sentimita 3, nayo inapatikana upande wa juu wa shimo tu. Penye shimo lenyewe uso wa maji unabaki karibu pale pale ulipokuwa, kwa kuwa kalavati bado linadai mita 3. Ni sawa na kupanua chumba cha kusubiri ilhali mlango wa kutokea ni uleule. Kalavati likipanuliwa mpaka maji yashuke hadi mita 2 mlangoni pake, mtaa ule ule unapata nafuu ya zaidi ya sentimita 70 bila kuguswa kwa jembe.

Kuna hasara nyingine. Katika sehemu iliyochimbwa, kasi hushuka kutoka mita 0.75 hadi 0.55 kwa sekunde, na maji yaliyopunguza kasi huangusha mchanga. Mto unaobeba mchanga mwingi huanza kulifukia shimo mara unapojaa, na mchimbaji huitwa tena. Kwamba shimo lilionekana refu wakati wa kiangazi hakuthibitishi lolote. Lililofurisha mtaa ni uso wa maji, na uso huo haukupimwa.

Hoja kwamba kuchimba kumewahi kusaidia mahali fulani ni ya kweli pale tu uchimbaji ulipoanzia kwenye kizuizi chenyewe na kupanda nao mto bila kuruka sehemu. Msimbazi ni mgumu zaidi, maana vizuizi vimefuatana: daraja la Jangwani, mchanga uliojaa bondeni, mikoko, Daraja la Salender, kisha bahari, ambayo nyakati za bamvua tofauti yake kati ya kupwa na kujaa huzidi mita 3. Hakuna kijiko kinachochimba bahari.

Yanayofaa kufanywa ni haya. Vipimo vya sehemu za mto vichukuliwe kutoka chini kwenda juu, na vikaribiane zaidi kwenye madaraja na makalavati. Kina kitokanacho na kanuni ya Manning peke yake kisitumike kupanga kimo cha daraja, kwa kuwa kanuni hiyo huchukulia kwamba chini hakuna kinachozuia. Programu ya HEC-RAS ya wahandisi wa Jeshi la Marekani hutolewa bure na hufanya hesabu hizi tangu 1995. Mgawo wa Manning urekebishwe kwa alama za mafuriko zilizobaki ukutani. Penye miteremko mikali ya milimani, ambako namba ya Froude huzidi moja, hesabu ianzie juu. Mvua ya ghafla ikikutana na maji kujaa, itumike modeli inayofuata mabadiliko saa kwa saa, si ya hali moja isiyobadilika. Mpaka wa chini wa modeli usiwekwe darajani; uwekwe mbali kiasi kwamba kubadili kina cha kuanzia kwa nusu mita hakubadili jibu la mahali panapohusika. Kwa Msimbazi mpaka huo ni baharini, na kina cha kuanzia husomwa kwenye jedwali la maji kupwa na kujaa.