Picha ya Mtoto Ikishatoka Hairudi

Zamani jarida hili lilizoea kuchapisha picha za watoto wakipewa sare za shule. Chini ya picha tuliandika jina la mtoto, kijiji chake, na kwamba ni yatima. Hatukuwa na nia mbaya. Tulitaka waliochanga waone kazi ya michango yao. Lakini baadaye msichana mmoja, alipokuwa mtu mzima, alituambia: "Viatu nilishukuru. Lakini shule nzima ilijua kwetu hatuna kitu." Jambo hilo lilituuma.

Hata hivyo, siku zile karatasi ilisomwa na watu wachache, kisha ikaishia kufungia maandazi sokoni. Intaneti haina mwisho kama huo. Kwa hiyo tunaona ni vizuri vikundi vizungumze juu ya jambo hili.

Picha inasafiri vipi?

Tuseme kikundi chenu kina watu 40 kwenye WhatsApp. Katibu anatuma picha ya mtoto aliyelipiwa karo. Mara moja picha hiyo inaweza kukaa katika simu 40. Kila mwenye simu anaweza kuituma kwa kundi lake la ukoo, na huko mwingine aiweke kwenye Facebook. Kesho katibu akifuta yake, zile nyingine zimebaki. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tena picha husema mengi kuliko tunavyofikiri. Sare inaonyesha shule. Maneno yaliyoandikwa chini yanatoa jina la mtoto na la mama yake. Basi mtu mwenye nia mbaya anaweza kusimama njiani saa ya kutoka shule, amwite mtoto kwa jina, amwambie, "Mama yako amenituma nikuchukue." Mtoto ataachaje kuamini? Si anamjua mama!

Kuna pia madhara ya polepole. Tunapomchangia mtoto mgonjwa, tunaeleza ugonjwa wake kwa watu tusiowajua. Mtoto atapona, lakini habari ile itamfuata mpaka siku ya kutafuta kazi au mchumba.

Sheria inasema nini?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, yaani mambo yake ya ndani yasianikwe ovyo. Mtoto ni mtu. Nayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka habari za mtoto, yaani yeyote aliye chini ya miaka 18, zisitumiwe bila ruhusa ya mzazi au mlezi, na matumizi yenyewe yawe kwa faida ya mtoto. Hili si jambo la mchezo. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa sababu ya kutangaza picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi.

"Lakini wafadhili wanataka picha!"

Tunajua. Hata sisi huulizwa. Piga picha ya madawati mapya, au ya watoto wakiwa wamewapa migongo, au ya akina mama wenyewe wakihesabu michango. Mfadhili mwema ataelewa mkimweleza. Na mama akikubali kupigiwa mtoto wake picha kwa sababu anaogopa kunyimwa karo, hiyo si ruhusa. Mwambieni wazi kwamba msaada atapata, akikubali au akikataa.

Mambo ambayo kikundi kinaweza kufanya

1. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha, mkieleza itakwenda wapi. Mtoto mwenyewe pia aulizwe. Akificha uso, amekwisha jibu.

2. Msiunganishe picha na jina, shule au kijiji.

3. Msipige picha daftari la mayatima au la karo na kuituma kwenye kundi. Daftari likae kwa katibu.

4. Mkichangia matibabu, semeni "mtoto wa mwenzetu anahitaji matibabu." Ugonjwa wenyewe ni siri ya familia.

5. Wafundisheni watoto wasimpe mtu wa kwenye simu jina la shule, mahali wanapoishi wala picha zao, hata akijiita rafiki.

6. Msimfungulie mtoto Facebook au TikTok kwa kudanganya mwaka wa kuzaliwa. Zote mbili zinataka miaka 13 au zaidi. Aliyeandikwa kuwa mkubwa hukosa ulinzi uliowekwa kwa ajili ya wadogo.

Na ikiwa mambo yameshaharibika?

Msimpige mtoto wala kumgombeza, maana akiogopa atanyamaza, na mkosaji ataendelea. Mwombeni aliyeweka picha aiondoe. Andikeni nambari yake ya simu na tarehe. Ikiwa ni picha ya aibu, msiitume kwa mtu yeyote, hata kwa nia ya kuonya wengine, kwa sababu kila anayeituma anamuumiza mtoto upya. Nendeni polisi, au pigeni simu ya watoto, nambari 116. Haina malipo, na inajibiwa usiku na mchana.

Maswali ya kujadili kikundini

Katika simu zetu kuna picha za watoto wa nani? Wazazi wao wanajua? Tukikutana tena, tutafuta zipi?

Sisi tulianza na kabati letu la picha za zamani. Ilichukua siku nzima, na nyingi hatutazichapisha tena. Nanyi anzeni na simu ya katibu.