Nyumba ya Binti wa Lamu

Lau mtu wa ukoo wa kiungwana katika mji wa Lamu angaliulizwa zamani nyumba yake ya kwanza aliinunua kwa fedha ngapi, swali hilo lingalimstaajabisha, kwa kuwa nyumba ya kwanza haikuwa kitu cha kununuliwa. Ilikuwa hiba, na aliyepewa alikuwa binti. Baba aliyejaliwa mtoto wa kike aliiwaza nyumba ya mtoto huyo wakati angali mchanga, akaagiza boriti za mikoko, akachomesha chokaa ya matumbawe, na kila Mola alipomfungulia riziki akapandisha ukuta, hata siku ya arusi ikamkuta mwari ana orofa yake juu ya nyumba ya mamake. Palipokosekana nafasi kwa juu, kilijengwa chumba cha kuvuka njia, kiitwacho wikio, kikaegemea ukuta wa huku na ukuta wa kule, na wapitao chini wakapata kivuli.

Nimepata kuketi ndani ya nyumba kama hiyo katika mtaa wa Mkomani. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, ambao hauzidi sana mita tatu. Na chumba cha ndani kabisa, kilicho faragha ya mwenye nyumba, ukuta wake mzima umejaa zidaka za chokaa, safu juu ya safu, zilizochongwa kwa mkono. Nilipotia kidole katika nakshi moja niliona kingo zake zimelainika kwa kupakwa chokaa upya kila palipokuwa na arusi.

Lakini uzuri huo si kiini cha mila hii. Kiini chake ni kwamba mume aliingia katika nyumba ya mkewe, akakaa humo kwa heshima kamili. Na likitokea la kutokea, talaka ikaandikwa, aliyefunga sanduku lake na kutoka alikuwa yeye. Wazee wale waliijua vyema sheria ya mirathi: walijua kwamba binti hupata nusu ya fungu la nduguye mwanamume, na kwamba mjane mwenye watoto hupata thumni ya tirka, yaani mali aliyoiacha mumewe. Hawakuikiuka sheria hiyo hata chembe. Walitumia mlango mwingine uliomo ndani yake, yaani hiba itolewayo katika uhai wa mtoaji, ikatimizwa kwa ijabu, kabuli na kabdhi (kutoa, kukubali na kukabidhiwa), ambayo haihesabiwi tena katika tirka. Mimi naiona hekima hiyo kuwa kubwa kuliko nakshi zote za Mkomani.

Vijana wa leo hawakuikataa mila hii, imewaponyoka. Nyumba za mababu zimegawanyika baina ya warathi wengi, hata fungu la mtu huenda likawa ni chumba na nusu ya ngazi, na tangu miaka ya 1970 nyingi zimeuzwa kwa wageni kutoka Ulaya. Mwaka 2001 mji mkongwe uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, jambo la fahari kwetu sote, na ujenzi wa bandari mpya ya Lamu, upande wa bara, ulipozinduliwa mwaka 2012, tamaa ya ardhi nayo iliamka. Basi kijana mwenye mshahara wa ualimu hatazami tena Mkomani. Hutafuta kiwanja pembezoni mwa mji.

Hujenga kwa vipande. Mawe hukatwa Maweni, katika kisiwa cha Manda, yakavushwa kwa jahazi, kisha punda wakayabeba kutoka gatini hadi kiwanjani. Mwezi wa mshahara huleta mawe, mwezi wa ada ya skuli hauleti kitu, na majani yakaota katikati ya mawe yaliyopangwa. Wengi huogopa riba, na ingawa mabenki yafuatayo sharia yalianza kazi nchini Kenya mwaka 2008, nayo hutaka hati na ushahidi wa mshahara, hali viwanja vingi havijapata hati. Hivyo tegemeo ni mchezo wa fedha baina ya marafiki, na mara nyingi mshahara wa mke.

Hapa ndipo moyo wangu unapouma. Msichana wa leo amesoma, anafanya kazi, na nusu ya mawe yale ameyanunua yeye. Lakini hati itokapo huwa na jina moja, nalo si lake. Mume akifariki, nyumba nzima huhesabiwa tirka, na mama wa watoto, asipokuwa na mashahidi wa alichokitoa, akapewa thumni ya ukuta alioulipia. Nyanyake, ambaye hakupata kushika mshahara maishani mwake, alikuwa na nyumba.

Wapo akina baba waliolitambua jambo hili. Kwa kuwa uwezo wa kujenga orofa hawana, humpa binti kiwanja kwa hiba, mbele ya mashahidi, kabla ya kufunga ndoa. Katika posa moja niliyohudhuria, wazee walipomaliza kutaja mahari, mjomba wa msichana aliuliza mawe yaliyokwisha kununuliwa na mposaji yatapelekwa wapi. Yule kijana akajibu bila kusita, “Kiwanjani kwake, mzee wangu.” Likaandikwa na hilo.