Ndoo Hupata Moto Bila Jiko

Mama akinunua kostiki soda Kariakoo atengeneze sabuni, akiitia majini ndoo hupata moto. Kwa nini?

Kuachanisha chembe za soda hula joto. Maji yanapozishika chembe hizo, joto hutolewa. Hapa linalotolewa ndilo kubwa. Gramu 40 hutoa kilojuli 44 hivi, zinazotosha kupandisha joto la lita 1 ya maji kwa nyuzi 10. Mbolea ya urea ni kinyume: hula zaidi, maji yakapoa.

Basi tia soda majini kidogo kidogo. Usimimine maji juu ya soda: yatachemka ghafla yakurukie machoni. Sufuria ya alumini isitumike, huliwa. Ikikurukia, osha kwa maji mengi mara moja, kisha nenda hospitali.