Gari la Umeme Safarini (3): Kushuka Kiambere ni Rahisi, Kazi ni Kupanda

Saa nane usiku taa ya nje ilizimika. Nilichungulia dirishani. Vile vitaa vitatu vya buluu vinavyomulika kwenye dashibodi gari linapochaji vilikuwa vimezimika pia. Nikavaa viatu, nikafuata waya kwa tochi ya simu kutoka garini hadi jikoni kwa nyumba ya wageni, nikamkuta kijana wa zamu amesimama mbele ya kimita.

“Mwalimu, tokeni zimeisha.”

“Zimeisha vipi? Jioni si ulinionyesha kumi na nane?”

“Zilikuwa kumi na nane. Lakini hilo gari lako, mwalimu, linakunywa.”

Alikuwa na haki. Nilichomeka saa mbili usiku kwenye soketi ya kawaida, ambayo hutoa kilowati 2.3 hivi kwa gari. Saa sita za kuchaji ni karibu yuniti 14. Friji, taa na maji moto ya bafuni vikamaliza zilizobaki. Nilinunua tokeni za shilingi mia tano kwa M-Pesa, lakini ujumbe ukachelewa mpaka kijana alipopanda kwenye mnara wa tangi kutafuta mtandao. Kutoka huko juu akanisomea zile tarakimu ishirini, nami nikizibonyeza gizani. Saa nane u nusu vitaa vya buluu vikaanza kumulika tena.

Nilisimama pale nikacheka peke yangu. Si mbali na kile kitanda changu kuna Bwawa la Kiambere, ambalo mitambo yake ina uwezo wa megawati 168. Ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, inatosha magari zaidi ya 70,000 yachomekwe kwa mpigo kwenye soketi kama ile ya jikoni. Lakini umeme wa Kiambere haukai Kiambere. Tangu kituo kilipoanza kazi mwaka 1988, umekuwa ukipanda minara ya kilovolti 220 na kwenda zake, mwingine hadi Rabai kule Pwani. Wenyeji wa Mbeere, ambao baadhi yao walihamishwa ili maji yapate nafasi, wameutazama ukipita juu ya vichwa vyao muda mrefu kabla ya mimi kuja na gari langu kulalamikia tokeni.

Katika makala ya kwanza tulichambua betri, na katika ya pili tukanunua gari lililotumika Japani, Nissan Leaf ya kilowati-saa 40, yaani yuniti 40. Leo tuingie barabarani. Wengi walioniandikia wanauliza swali moja: gari langu linafika wapi? Mimi nawaambia waulize linarudi kutoka wapi. Tofauti ya maswali hayo mawili sikuielewa vizuri mpaka niliposhuka Kiambere.

Tazama mabwawa ya Mto Tana yalivyopangwa kama ngazi. Masinga likijaa, maji yake hufika mita 1,056 juu ya usawa wa bahari. Kamburu ni 1,006, Gitaru 924, Kindaruma 780, na Kiambere 700. Maji yaleyale huzungusha mitambo ya juu, yakashuka kidato, yakazungusha ya chini. Hakuna uchawi hapo, ni uzito na kimo tu. Mita moja ya ujazo ya maji ikianguka mita 100 hutoa karibu robo ya yuniti. Gari kama langu hula yuniti 15 kwa kilomita 100. Kwa hiyo kulisafirisha umbali huo kunataka maji ya matangi sita ya lita 10,000 yaanguke mita 100. Kwa mama wa Mbeere anayehesabu maji kwa mitungi ya lita 20, hiyo ni mitungi 3,000.

Gari nalo ni uzito na kimo. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, nami nilikuwa nashukia 700. Likiwa na abiria wanne na mizigo, Leaf hufikia kilo 1,900 hivi. Kuliteremsha mita 1,000 kunalipa yuniti 5, na kulipandisha kunadai 5 hizohizo, tena na zaidi kidogo, kwa sababu mota na nyaya huchukua ushuru wao. Yuniti 5 ni zaidi ya kilomita 30 za barabara tambarare. Mwenye gari la petroli haoni hesabu hii kwa sababu tangi lake ni kubwa na injini yake inapoteza nishati nyingi kwa joto hata isipopanda. Sisi wa betri tunaiona hadi senti ya mwisho.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Betri ya 40 iliyozeeka kidogo imebaki na 34. Kutoka Nairobi kupitia Makutano, Embu na Kiritiri hadi Kiambere ni takriban kilomita 200. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, hizo ni yuniti 30. Toa zile tano za mteremko, ongeza mbili za kiyoyozi, maana Mbeere si Limuru. Nilifika na yuniti 7, yaani asilimia 20. Kurudi sasa: 30 za barabara, 5 na ushei za mlima, 2 za kiyoyozi. Jumla 37. Hata ningeijaza betri pomoni, gari lile lile kwenye barabara ile ile lisingefika nyumbani.

Na hapa kibao cha dashibodi kinaweza kukutia matatani. Ile namba ya kilomita zilizobaki haipimwi popote. Gari hutazama ulivyoendesha muda mfupi uliopita, likapiga ramli. Umeshuka kutoka Embu kwa upole, mguu haugusi mafuta (tuseme bado ni mafuta, mazoea yana taabu), basi gari linadhani dunia nzima ni mteremko. Nilipoegesha, kibao kiliniahidi kilomita 62. Zile saba zangu, kwa kupanda kuelekea Kiritiri, zisingetimiza hata 40. Soma asilimia ya betri, zidisha mwenyewe. Ramli waachie waganga.

Kwa sababu hiyo nilipanga vituo kuanzia mwisho kuja mwanzo. Nataka kufika Nairobi na akiba ya yuniti 5. Embu hadi Nairobi ni kilomita 130 hivi na mpando wa mita 300 na kitu, yaani yuniti 21 hivi. Basi ni lazima nitoke Embu na 26. Kiambere hadi Embu, kilomita 70 na mpando wa mita 650, ni kama 14. Kwa usiku mmoja wa soketi, tokeni zikiwepo, nilivuta 23 ukutani. Betri ilipata 20, tatu zikaishia kwenye joto la chaja. Hivyo nilitoka na 27 na nikafika Embu na 13. Zilipungua 13.

Ungekuwa na chaja ya haraka, hizo 13 ni kikombe cha chai. Lakini vituo vya chaja za haraka nchini vingi viko Nairobi na viunga vyake, na hata penye kituo kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni mdomo. Leaf ya Japani huchajiwa haraka kwa mdomo wa CHAdeMO, huku magari mengi mapya yakija na CCS2 au ule wa Kichina wa GB/T, na midomo hiyo haiingiliani. Piga simu kabla hujatoka, usiulize kama wana chaja, uliza ina mdomo gani na kama leo inafanya kazi. La pili ni kwamba kujaza betri ni kama kujaza debe la mahindi: mwanzo unamimina, mwisho unatia kwa kiganja. Kutoka asilimia 10 hadi 80 mambo huenda mbio. Hiyo 20 ya mwisho inaweza kukuweka muda uleule. Safari ndefu huenda upesi zaidi ukisimama mara mbili kidogo kidogo kuliko mara moja kwa kujaza hadi juu. Madereva wa pikapu za muguka wanaotoka Mbeere kwenda Mombasa, ambao kwao kusimama ni hasara na kufunga breki ni fedheha, hawataipenda falsafa hii.

Basi pasipo chaja utachaji wapi? Ramani za simu zilinionyesha upweke mtupu kutoka Makutano hadi Kiambere. Lakini ramani hizo zimechorwa na watu wasiojua soko la Kenya. Kila soko lina fundi wa kuchomelea na kila kijiji kikubwa kina kinu cha posho. Penye mashine hizo pana waya mnene na soketi nzito, kubwa kuliko ile ya kuchajia simu. Kwa soketi ya ampea 32 gari langu huvuta kilowati 6, karibu mara tatu ya kule jikoni. Kebo ya kufaa soketi hiyo ni yako kubeba, pamoja na kipimo kidogo cha kuhakikisha kuna erthi. Chaja ikikosa erthi hukataa kazi, na ina sababu: bodi ya gari ni chuma na ardhi huwa na unyevu. Usiibembeleze kwa kuunganisha waya kiujanja. Nenda kwa fundi mwingine. Na usitumie ekstensheni nyembamba ya dukani. Hata iliyo nene iguse baada ya nusu saa, ikichoma kiganja, chomoa. Wala usiiache ikiwa imezungushwa kwenye gurudumu lake, ndipo inapoyeyuka.

Wako wanaokwenda hatua zaidi wakabeba umeme wao. Mwaka 2024 pikipiki ya Roam, iliyoundwa hapa Nairobi, ilisafiri takriban kilomita 6,000 hadi Stellenbosch, Afrika Kusini, ikitegemea paneli za sola za msafara wake. Hongera zao. Mimi nina mgongo wa miaka sitini na mbili na buti ya gari iliyojaa mchele wa Mwea.

Joto nalo lina neno. Betri ya Leaf hupozwa na hewa tu. Ikitoka kukimbia lami ya mchana wa Mbeere, kisha ikachajiwa haraka, kisha ikakimbia tena, kipimo chake cha joto hupanda, na gari lenyewe hupunguza kasi ya kuchaji ili lisijidhuru. Dawa ni kuondoka alfajiri na kuegesha chini ya mti wa mkau. Kiambere mikau haikosekani, kuna hata mashamba yake.

Msomaji mmoja wa Meru aliuliza kama njia yake kupitia Chuka ina tofauti. Inayo, na ni ya usalama. Barabara ile hukata mabonde ya mito itokayo Mlima Kenya, unashuka na kupanda, unashuka na kupanda. Unaposhuka, mota hugeuka jenereta, ikalishika gari na kurudisha umeme betrini, ndiyo maana breki zetu haziishi upesi. Lakini betri iliyojaa haina pa kuweka umeme huo. Aliyelala Chogoria akajaza hadi asilimia 100, kisha akateremkia daraja la Nithi, atainua mguu akitarajia gari lishikwe na asihisi kitu. Breki za kawaida zipo, ila mguu umeshazoea msaada. Kwa bonde lenye historia ya ajali kama la Nithi, usiondoke juu na zaidi ya asilimia 85. Acha nafasi ya mteremko.

Kuhusu bei nitasema kwa kifupi. Mwaka 2023 EPRA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na petroli, iliweka bei maalum ya umeme wa magari, huku saa za usiku zikilipwa nusu: shilingi 8 kwa yuniti badala ya 16, kabla ya kodi na tozo. Bei hiyo hutaka kimita chake peke yake, hivyo huipati jikoni kwa nyumba ya wageni wala kwa fundi. Safarini utalipa mnavyoelewana. Kule Kiambere nilinunua tokeni mwenyewe na kuongeza mia tatu za usumbufu, kijana akasema nirudi wakati wowote, ila nije na tokeni mkononi.

Embu nilisimama kwa fundi wa kuchomelea aliyesoma kwangu zamani. Tulitazama ubao wake wa stima, akasema, “Mwalimu, chagua: ama gari ama geti. Vyote viwili, fyuzi itaruka.” Akazima mashine, akafunika geti la mteja kwa turubai, tukanywa chai kwa saa mbili na robo huku kimita kikizunguka. Alikataa pesa, nikamwachia mezani chini ya kikombe. Nilifika Kasarani, Nairobi, jioni na asilimia 14. Kabla sijafungua mlango wa nyumba, simu ikalia: fundi anauliza siku nyingine nitapita saa ngapi, apange mageti yake mapema.