Koili Kubwa au Koili Ndogo? Kutafuta Metali katika Mchanga wa Maji ya Chumvi

Mawengi, katika nyanda za juu za wilaya ya Ludewa mkoani Njombe, iko takriban kilomita 500 kutoka Bahari ya Hindi. Hata hivyo, mwanafunzi wa huko anayo nafasi nzuri ya kuelewa tatizo linalowasumbua watu watafutao metali ufukoni. Mtambo mdogo wa nguvu za maji uliojengwa Mawengi huzalisha umeme kwa kanuni iliyogunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831: ugasumaku ukibadilika ndani ya koili ya waya, umeme huzaliwa katika waya huo. Kigunduzi cha metali nacho hakina siri nyingine zaidi ya hiyo. Tena, katika wilaya hiyohiyo, huko Liganga, yako mawe ya chuma ambayo hukisumbua chombo hicho kama yanavyokisumbua maji ya bahari, ingawa kwa njia tofauti.

Swali lenyewe laonekana dogo. Mtu anayekwenda kutafuta sarafu, pete au kitu kingine cha metali katika mchanga uliolowa maji ya chumvi achukue koili ya ukubwa gani? Jibu la haraka ni kwamba achukue kubwa, kwa kuwa kubwa hufika mbali zaidi chini ya ardhi. Jibu hilo ni kweli nusu tu, na nusu iliyobaki ndiyo inayosababisha mashimo mengi ya bure.

Kichwa cha kigunduzi, yaani ile sahani inayopitishwa juu ya ardhi, huwa na koili moja au zaidi. Koili ya kupeleka hupitishiwa mkondo unaobadilika maelfu ya mara kwa sekunde. Ugasumaku wake huingia ardhini, na ukiikuta sarafu huzalisha ndani yake mikondo midogo inayozunguka. Mikondo hiyo nayo hutengeneza ugasumaku wake hafifu unaorudi juu, koili ya kupokea huunasa, na mtafutaji husikia mlio. Chombo hakijui sarafu wala dhahabu. Hujibu kitu chochote kinachopitisha umeme au chenye tabia ya sumaku, kilichomo ndani ya eneo linalofikiwa na ugasumaku wake.

Jambo hilo liliwahi kumfedhehesha hata mtaalamu mashuhuri. Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na madaktari wakashindwa kuipata ilipojificha mwilini. Alexander Graham Bell, aliyesifika kwa kazi yake ya simu, alitengeneza kigunduzi chenye koili na kukipitisha juu ya mgonjwa. Milio ilisikika mahali pasipostahili. Sababu mojawapo ilikuwa springi za chuma zilizokuwa katika kitanda cha Rais. Chombo hakikukosea: kilitoa habari za chuma kilichokuwamo ndani ya eneo lake, wala hakikuweza kujua kwamba mwenyewe alitaka habari za risasi peke yake. Ufukoni, chumvi ndiyo kitanda cha springi.

Lita moja ya maji ya bahari huwa na chumvi ya gramu 35 hivi. Chumvi hiyo ikiyeyuka hugawanyika kuwa ioni, na ioni hupitisha umeme. Ni kweli kwamba bahari ni kipitishi dhaifu mno ikilinganishwa na metali, kwa maana shaba huipita takriban mara milioni 10. Lakini sarafu ni kijipande chenye upana wa sentimita mbili, na mchanga uliolowa umeenea pande zote chini ya koili. Udhaifu wa chumvi hulipwa na wingi wake.

Sasa ukubwa wa koili. Mwalimu anaweza kuandika ubaoni kanuni ya koili ya mviringo: katika mstari upitao kitovuni, nguvu ya ugasumaku hulingana na mraba wa nusukipenyo cha koili, ukigawanywa kwa jumla ya mraba wa nusukipenyo na mraba wa kina, jumla hiyo ikipandishwa kwenye kipeo cha moja na nusu. Kwa kuwa safari ni ya kwenda na kurudi, jawabu huzidishwa kwa lenyewe. Zichukuliwe basi koili mbili zenye mizunguko sawa ya waya na mkondo uleule, moja ikiwa na kipenyo cha sentimita 20, nyingine sentimita 30. Sarafu ikilala sentimita 25 chini ya kitovu, koili kubwa huipata kwa ishara yenye nguvu takriban mara 3.1 kuliko ile ndogo. Hiyo ni faida kubwa, na ndiyo inayowavutia wanunuzi.

Lakini chumvi haiko mahali pamoja. Iko kila mahali chini ya koili, na ishara yake hukua kwa kadiri ya kipeo cha tatu cha kipenyo. Koili ikikuzwa mara 1.5, ishara ya chumvi hukua mara 1.5 kwa 1.5 kwa 1.5, yaani takriban mara 3.4. Sarafu imeongezeka mara 3.1, chumvi mara 3.4, na aliyebeba koili kubwa amebeba uzito zaidi bila kupata kitu. Na sarafu ikiwa juujuu, sentimita 10 tu kutoka kwenye koili, hesabu ni mbaya zaidi: ishara ya sarafu huongezeka kwa asilimia 18 pekee, ilhali ile ya chumvi imeongezeka vilevile mara 3.4. Ni pale tu kina kinapozidi sentimita 28 hivi ndipo koili kubwa inapoanza kuishinda chumvi, na katika kina hicho sarafu moja nyembamba ni shida kusikika kwa koili yoyote. Wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wanaweza kuzirudia hesabu hizi wenyewe, na ni vema wazirudie, kwa sababu matangazo ya biashara hayazionyeshi.

Msomaji makini atauliza kwa nini chumvi isiondolewe na chombo chenyewe, ikiwa imeenea sawasawa. Huondolewa kwa kiasi. Vigunduzi vingi vina namna ya kusawazishwa na ardhi, na ishara isiyobadilika hunyamazishwa. Shida ni kwamba ishara ya ufukoni haitulii. Mkono wa mtafutaji hupanda na kushuka sentimita mbili tatu, wimbi hupita, mchanga mkavu hupakana na uliolowa, na kila badiliko hutoa mlio unaofanana na mlio wa kitu. Ishara ya chumvi ikiwa kubwa, hata badiliko dogo ndani yake huifunika sarafu.

Kwa sababu hiyo uchaguzi hutegemea mahali mtu anaposimama. Pwani ya Afrika Mashariki ina kupwa na kujaa kwa nguvu: wakati wa bamvua, tofauti ya kina cha maji huko Unguja hufikia kama mita nne, na ufuko mpana hubaki wazi ukiwa bado umelowa. Juu ya mstari wa maji yajaapo, ambako mchanga ni mkavu, koili ya sentimita 30 au zaidi inafaa, kwani hufagia eneo kubwa kwa muda mfupi. Katika mchanga uliolowa, ya sentimita 20 hadi 25 hutulia zaidi. Ndani ya maji yenyewe, au mahali penye misumari na vifuniko vya soda vingi, hata ya sentimita 15 haidharauliki: hutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana, wala haisukumwi ovyo na mawimbi. Kichwa kipitishwe sambamba na mchanga, kwa kimo kilekile, bila kukiinua mwishoni mwa kila mfagio kama mtu anayefyeka majani.

Iko njia nyingine ya kuikwepa chumvi, nayo ni kupunguza idadi ya mabadiliko ya mkondo kwa sekunde, maana chumvi hujibu zaidi kadiri mabadiliko yanavyokuwa ya haraka. Aina nyingine ya kigunduzi hupeleka mapigo mafupi ya mkondo, kisha husubiri kidogo kabla ya kusikiliza. Mikondo ndani ya maji ya chumvi hufifia upesi sana, na ile iliyomo katika sarafu nene huendelea kwa muda mrefu zaidi. Ikisikilizwa baada ya mikrosekunde kumi hivi, bahari imekwisha kunyamaza kwa sehemu kubwa. Lakini kidani chembamba cha dhahabu nacho huwa kimenyamaza.

Huku milimani mambo ni mengine. Mtu akishuka kutoka nyanda za Ludewa hadi Lupingu au Manda, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, atakuta mchanga na mawimbi kama ya baharini, ila maji yake hupitisha umeme kwa kiasi cha takriban sehemu moja kwa 200 ya maji ya bahari. Huko maji hayampi mtafutaji taabu yoyote. Taabu huanzia Liganga, kwenye hazina kubwa ya magnetaiti yenye titani na vanadi. Wapangwa wa wilaya hii walijulikana tangu zamani kwa kuyeyusha chuma, kwa hiyo habari za mawe mazito si ngeni kwao. Magnetaiti haisumbui kwa kupitisha umeme bali kwa kuvutwa na ugasumaku. Jibu lake hurudi papo hapo pamoja na mkondo wa koili, ilhali jibu la chumvi huchelewa kwa robo ya mzunguko. Chombo cha kawaida kinaweza kusawazishwa ili kilinyamazishe mojawapo ya majibu hayo. Ufuko wenye mchanga mweusi wa magnetaiti na maji ya chumvi kwa pamoja ndio mahali pagumu kuliko pote, na ndipo vilipoanza kuhitajika vigunduzi vinavyotumia marudio kadhaa kwa wakati mmoja.

Iko tofauti moja zaidi. Juu ya ardhi yenye magnetaiti, ishara ya ardhi haikui kwa kipeo cha tatu cha kipenyo. Hukua takriban sawa na kipenyo chenyewe: koili ikikuzwa mara 1.5, usumbufu nao hukua mara 1.5 au zaidi kidogo. Kwa hiyo, anayetafuta kitu kilichozama sana katika udongo wa namna hiyo anaweza kupata faida ya kweli kwa koili kubwa, faida ambayo ufuko wa bahari ungemnyima. Kwa vitu vya juujuu, koili ndogo ni bora kotekote.

Shule isiyo na kigunduzi haikosi la kufanya. Sumaku ikifungwa katika karatasi na kupitishwa ndani ya mchanga mkavu wa kijito, chembe nyeusi zitakazonata ndizo zenye tabia ya sumaku, nazo zinaweza kupimwa uzito kutoka vijito mbalimbali. Kwa upande wa chumvi, misumari miwili iliyounganishwa na betri za tochi na ammita itumbukizwe katika maji ya kijito, kisha katika maji hayohayo yaliyotiwa gramu 35 za chumvi kwa lita, umbali kati ya misumari ukiwa uleule. Mshale wa ammita utaeleza tofauti ya Lupingu na Kilwa vizuri kuliko kitabu. Umeme wa ukutani usitumiwe kamwe katika jaribio hili.

Kilwa imetajwa kwa sababu maalumu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na mmomonyoko unaoletwa na bahari umekuwa hatari kwao kwa miaka mingi. Masultani wa Kilwa walitoa sarafu zao wenyewe, nyingi zikiwa za shaba, na vitu vya kale huchomoza bahari inapokula ukingo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu mtu kuchimba mabaki hayo bila leseni. Watafiti wenye leseni nao wana sababu ya kuogopa mlio wa uongo: kila mlio ni shimo, na kila shimo huchanganya matabaka ambayo hayawezi kupangwa tena. Koili iliyo kubwa kupita kiasi mahali kama hapo huongeza makosa yasiyosahihishika.

Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, wataalamu wa mambo ya kale walifukua akiba ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu. Kwa kuwa zilitolewa kwa utaratibu, tabaka kwa tabaka, zilisaidia kuonyesha kwamba watu wa pwani hii walitumia fedha zao wenyewe yapata karne ya 11. Miaka arobaini kabla ya hapo, mwaka 1944, askari mmoja wa Australia aliyekuwa zamu katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo, aliokota sarafu tisa katika mchanga wa ufukoni. Nne zilikuwa za Waholanzi, na tano zilikuwa za Kilwa. Alizihifadhi nyumbani kwa miaka mingi kabla ya kuzipeleka zichunguzwe, na baadaye akaweka alama katika ramani kuonyesha mahali alipozipata. Mwaka 2013 watafiti walirudi kisiwani humo kuchunguza upya. Mahali zilipotengenezwa panajulikana. Zilikuwa katika tabaka gani la mchanga, pamoja na kitu gani, na nani alizivusha bahari nzima kutoka Kilwa, hayo hayakuandikwa siku zilipookotwa.