Fadhila za Punda

Wahenga wametuachia neno kwamba fadhila za punda ni mateke. Neno hili nalijua tangu udogo, na katika kutunga kwangu nimelitumia mara nyingi bila ya kulipima. Mwezi huu nimelipima, na mizani imenielemea mwenyewe.

Ilikuwa baada ya alasiri, nikitoka Matondoni kurudi Lamu mjini. Kando ya njia, chini ya mwembe, alisimama punda mzee. Mgongoni, pale pakaapo shogi, pana kidonda kimejaa nzi, na mbavu zake zahesabika. Akapita kijana na punda wawili waliobeba mchanga. Nikamuuliza, "Huyu ni wa nani?"

"Hana mwenyewe tena, Ami. Hawezi mzigo, ameachiwa."

Neno hilo lilinichoma. Marehemu baba yangu alikuwa na punda jike aliyetubebea mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za nyumba ninayokaa hata leo. Alipochoka, mimi ndiye niliyemfungua kamba nikamswaga kuelekea mashambani. Nilikuwa na miaka 16. Sikuuliza tena aliishia wapi.

Ndugu msomaji, sisi tuliokwenda chuoni tumesomeshwa hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji katika khofu yake, akamnywesha mbwa aliyekuwa na kiu. Mwenyezi Mungu akamghufiria. Tumesomeshwa pia juu ya mwanamke aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie, akaingia Motoni. Twazisimulia hadithi hizi vizuri sana, kisha twampita punda njiani kama tupitavyo jiwe.

Mwaka 1987 shirika la Uingereza, lililoasisiwa na Bi Elisabeth Svendsen, lilifungua zahanati ya punda papa hapa Lamu, punda wakatibiwa bila ya malipo. Wageni walivuka bahari kuja kuuguza mnyama anayetubebea sisi. Twawashukuru, lakini aibu ni yetu.

Siku ile nilivua kilemba changu, nikamfunga yule mzee shingoni kwa upole, tukaenda naye pole pole hata magharibi ikatukuta njiani. Daktari wa mifugo alimtazama, akanipa dawa na maagizo: kidonda kioshwe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, nzi wazuiliwe, na mgongo usiguswe na mzigo mpaka upone. Akanionya pia juu ya jalala. Punda mwenye njaa hula mifuko ya plastiki pamoja na mabaki ya chakula, ikamziba tumbo, akafa kwa msokoto.

Haya si makubwa. Ndoo ya maji safi mlangoni, kitambaa kinene chini ya shogi, maganda ya matunda yaliyotengwa na taka: ni nani kati yetu asiyeweza?

Sasa yule mzee yumo uani kwangu. Jirani yangu mmoja aliniuliza juzi, "Shekhe, wamfuga wa nini, na kubeba habebi?" Nilimwambia kwamba alikwisha kubeba.

Kila asubuhi namwosha kidonda, nami najua chamuuma. Hajanipiga teke hata moja.